Laki moja kwa mwezi ya kurudisha kwa jamii: wafanyakazi, jiko, taka au miti?

Kila Januari, hesabu za mwaka zikishafungwa, napata swali lilelile kutoka kwa wateja watatu au wanne. Nashika vitabu vya biashara ndogo hapa Moshi na chache za Arusha: migahawa, saluni, gereji, duka la nafaka, kampuni ndogo za kupandisha wageni mlimani. Swali huja mwishoni, risiti zimeshapangwa na chai imepoa. "Dada, mwaka huu na mimi nataka kurudisha kitu kwa jamii. Nina kama laki moja kwa mwezi. Niipeleke wapi?"

Wengi wanakuja na jibu tayari kichwani: miti, au madawati. Ndivyo wanavyoona kampuni kubwa zikifanya kwenye taarifa ya habari. Lakini kampuni kubwa zina mambo yake. Wenye leseni za madini, kwa mfano, tangu sheria yao iliporekebishwa mwaka 2017 wanatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mwenye mgahawa wa mtaa wa Majengo, hapa Moshi, hana amri ya namna hiyo. Anatoa kwa hiari yake, kutoka kwenye faida ya mtori na chapati, na pesa ya jasho namna hiyo inataka kupelekwa mahali itakapofanya kazi.

Nimeweka hapa njia nne ninazoziona zikijaribiwa na biashara za kwetu. Mpangilio wake hauna maana kwamba ya kwanza ndiyo bora. Na laki moja ni kipimo cha mazungumzo tu. Mwenye elfu thelathini atumie mizani hiyohiyo.

Vipimo

Njia zote nimezipima kwa mambo sita. La kwanza ni gharama, na hapo nataka ufikirie gharama ya mwezi wa kumi na mbili zaidi ya ile ya siku ya uzinduzi. Muda wako nao uhesabu. La pili ni sheria, maana yapo mambo tunayaita msaada kumbe ni deni ambalo hatujawahi kulilipa. La tatu ni nani anafaidika, na je, biashara yako inamgusa kweli, kwa wema au kwa ubaya? La nne ni panapokwama. La tano ni namna ya kujua limefanya kazi. Ukikosa kitu cha kuhesabu baada ya mwaka, utabaki na picha kwenye simu. La sita ni linamfaa nani.

Njia ya kwanza: wafanyakazi wako

*Gharama.* Chukua mgahawa wenye wafanyakazi watatu, kila mmoja analipwa 250,000. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri anatoa 10 na mfanyakazi 10. Upande wako ni 25,000 kwa kila mmoja, jumla 75,000. Ongeza mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri anaulipia peke yake, nusu asilimia ya mishahara, yaani 3,750. Umefika 78,750 na laki yako bado ina chenji. Mikataba itakula nusu siku ya kuandika, na malipo ya kila mwezi hayazidi saa moja ukishazoea.

*Sheria.* Hapa lazima niseme wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi masharti ya kazi yake, inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28 na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya njia hii ni deni. Nimeiweka humu kwa sababu naona vitabu vya watu: mtu anataka kupanda miti mia wakati dada anayemwoshea vyombo ana miaka minne bila karatasi yoyote yenye jina lake.

*Nani anafaidika.* Nina mfano ambao haunitoki. Mgahawa mmoja ninaoushikia vitabu, msichana wa jikoni alimwagikiwa na mafuta ya chapati kuanzia kiwiko hadi vidole. Mwenye mgahawa ana roho nzuri. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akalipa, akachangisha wateja. Lakini msichana alikaa nyumbani wiki saba, na kuanzia wiki ya nne mshahara ukakata kwa sababu pesa ya kuulipa pamoja na wa anayemshikia nafasi haikuwepo. Mfuko wa fidia upo kwa ajili ya siku kama ile. Nilipoandika matumizi ya mwezi ule kwenye daftari niliona michango ya wateja, nauli, dawa, na hakuna hata mstari mmoja wa WCF, mwezi ule wala miezi ya nyuma. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuwauliza.

*Panapokwama.* Wafanyakazi wenyewe. "Mama, nikatwe elfu ishirini na tano ya nini, mimi nina miaka ishirini na mbili?" Ana haki ya kuuliza, hasa akisikia kwamba pensheni inahitaji michango ya miezi 180. Waajiri niliowaona wakifaulu walifanya mambo mawili: walikaa na mtu na kumwonyesha mafao mengine ya mfuko, ikiwemo uzazi na matibabu, na wengine walibeba zaidi ya nusu ya mchango, jambo ambalo linaruhusiwa. Kwa kibarua wa siku mbili kwa wiki hesabu hizi ni ngumu kusimama. Huyo msaidie ajiandikishe kwenye mpango wa waliojiajiri, kisha umwongezee kitu kidogo kwenye ujira kwa kazi hiyo.

Kwa wenye kampuni za mlima, wafanyakazi ni pamoja na wagumu wanaobeba mizigo, hata kama unawaita kwa safari moja. Kikomo cha mzigo mlimani ni kilo 20. Mshahara ulioahidiwa getini ulipwe kamili, na chakula kiwe mara tatu. Shirika la KPAP hapa Moshi limefanya kazi ya miaka mingi kufuatilia mambo hayo, na kuna mawakala wa nje wanaouliza kabla ya kuleta wageni.

*Kujua imefanya kazi.* Hesabu miezi iliyolipwa kati ya 12. Hesabu waliokwenda likizo kweli. Hesabu wangapi wa Januari bado wapo Desemba.

*Inamfaa nani.* Mwenye wafanyakazi wawili na kuendelea ambao yupo nao kila siku. Fundi cherehani anayefanya kazi peke yake hana cha kufanya hapa, labda ajichangie mwenyewe, na hilo nalo ni jema.

Njia ya pili: jiko

*Gharama.* Hii inauma mwanzoni. Jiko kubwa la gesi la plate mbili, mtungi wa kilo 15 au 38, regulata na mrija mzuri: laki ya mwezi mmoja haitoshi, itabidi ukusanye miezi kadhaa. Baada ya hapo gharama inakuwa ya kubadili mtungi, na hiyo inachukua nafasi ya pesa uliyokuwa unanunulia mkaa. Sitaandika bei hapa kwa sababu ya leo si ya kesho. Nitaeleza tulivyopima.

Mama mmoja wa Majengo, anaamka saa tisa usiku kupika mtori kwa ajili ya madereva na watu wa sokoni, alikuwa hataki kusikia habari ya gesi. Alisema inakula hela. Nikamwomba kitu kimoja: nyuma ya mlango wa jiko aandike kwa chaki tarehe kila anapofungua gunia la mkaa, na akianza gesi, tarehe kila anapobadili mtungi. Alama yake ikawa M na G. Baada ya miezi mitatu mlango ulikuwa umejaa. Chai, uji, chapati, mchuzi na wali vilikuwa vimehamia kwenye gesi bila yeye kupanga. Makande yalibaki kwenye mkaa, na ndizi za kuchoma, na kumalizia mtori ili uive taratibu. Magunia yalishuka kutoka manne kwa mwezi hadi moja na kitu.

Pesa alizookoa zilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia, nakiri. Alichopata ni saa moja na nusu ya usingizi kila usiku, kwa sababu hakuna tena kuwasha, kupepea na kusubiri moto ushike. Na mwanamke yule ana miaka 54.

*Sheria.* Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Mgahawa wa meza nane haumo kwenye agizo hilo, lakini anayepikia shule, chuo au hosteli anapaswa kujua yumo, na asingoje kuulizwa.

*Nani anafaidika.* Wa kwanza ni mpishi. Mkaa una moshi unaouona na hewa usiyoiona wala kuinusa, kaboni monoksaidi, na majiko yetu mengi yana dirisha moja dogo lililozibwa na mfuko. Anayesimama pale saa kumi kwa siku, macho na kifua vinalipa. Wa pili ni nyika. Miti ya mkaa mara nyingi ni migunga ya nchi kavu iliyochukua miaka mingi kukua, na tanuri la udongo linapoteza sehemu kubwa ya mti kabla gunia halijajaa. Ukipunguza magunia matatu kwa mwezi umeacha migunga imesimama mahali ambapo hujawahi kufika.

*Panapokwama.* Nimeshauliza wapishi wengi kwa nini walirudi kwenye mkaa, na jibu haliwi gesi ni ghali. Jibu ni kwamba mtungi unalipwa kwa mkupuo. Mkaa unanunulika kwa kopo, kwa debe, hata kwa mkopo kwa muuzaji wa jirani. Mtungi ukiisha Jumapili mchana na droo ina elfu kumi na mbili, mkaa unashinda. Dawa yake ni kibubu cha gesi. Gawanya bei ya mtungi kwa siku ambazo chaki yako inaonyesha unadumu, na kila jioni kabla ya kufunga weka kiasi hicho pembeni, hata siku mbaya. Ukiweza, uwe na mtungi mdogo wa akiba.

Halafu usalama. Mtungi usimame wima, nje ya chumba cha moto ikiwezekana, na mrija ukaguliwe kwa povu la sabuni. Ukiona mapovu yanakua, funga, toka, ita fundi.

Umeme nao usiudharau. Sufuria la presha la umeme linapika nusu kilo ya maharage bila kumaliza yuniti moja, na watu wengi hawaamini mpaka wasome mita wenyewe. Ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika saa tano asubuhi huna maharage ya mchana, na masufuria yenyewe ni madogo kwa mgahawa wenye wateja wengi. Mwenye ng'ombe wawili watatu kwenye kihamba, shamba la nyumbani, anaweza kufikiria biogesi, ila hapo tunaongelea ujenzi, na laki yako itabidi isubiri mwaka.

*Kujua imefanya kazi.* Mlango na chaki. Sijaona kipimo kizuri kuliko hicho.

*Inamfaa nani.* Anayepika kila siku: mama lishe, mgahawa, hosteli, anayekaanga chipsi, anayechemsha maji ya saluni. Duka la nafaka au la vifaa vya simu halina jiko la kubadili.

Njia ya tatu: taka na maji machafu

*Gharama.* Ndogo kuliko zote. Ndoo tatu zenye mifuniko, kiroba cha chupa, na ada ya mzoa taka ambayo ulitakiwa uwe unailipa tayari. Inayokula zaidi ni subira ya kuwafundisha watu wako.

*Sheria.* Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na bado naona vifuko vyembamba vya nailoni vikirudi kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Usafi wa mbele ya mlango wako uko kwenye sheria ndogo za halmashauri, na faini wengi tunazijua.

*Nani anafaidika.* Kinachomwagwa mtaroni kina safari yake. Maji ya Moshi yanaelekea chini, na mito ya Rau na Njoro ndiyo inayolisha skimu ya mpunga ya Lower Moshi, kule Mabogini na Chekereni. Oili chafu ikimwagwa na gereji leo, mvua ya kesho inaipeleka kwa mtu aliyeinama kwenye jaruba. Arusha ni vivyo hivyo kwa Themi na Naura, na watu wanaootesha mboga pembeni ya mito hiyo ndio wanaotuuzia mchicha. Nikinunua fungu la mchicha sokoni Kilombero nafikiria mitaro yote iliyo juu yake.

Kwa mgahawa, ndoo ya kwanza, ya maganda, ndiyo yenye thamani. Maganda ya ndizi ya asubuhi moja yanatosha ng'ombe wa ndani wa jirani, na wafugaji wanayafuata wenyewe saa moja kamili ukiyaweka safi, bila mifupa, vijiti wala nailoni. Angalizo moja wengi hawalijui: makombo yenye nyama ya nguruwe usimpe mfugaji wa nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika inasafiri kwenye mabaki ya namna hiyo, haina tiba, na inaweza kumaliza banda zima la mtu. Kama jiko lako linatoa kitimoto, nyama na mifupa viende ndoo nyingine.

Gereji iwe na pipa la oili chafu lenye mfuniko, na betri mbovu ziuzwe zikiwa nzima bila kumwagwa asidi. Saluni itenganishe rasta na nywele za bandia, maana hizo ni plastiki na zikichomwa nyuma ya nyumba jirani anavuta.

*Panapokwama.* Mzoa taka akichanganya ndoo zako zote kwenye gari moja, wafanyakazi wanakata tamaa. Kwa hiyo tafuta kwanza wa kuchukua maganda na wa kuchukua chupa, halafu ndipo ununue ndoo.

*Kujua imefanya kazi.* Viroba vinavyokwenda dampo kwa wiki. Vikipungua kutoka sita hadi viwili, umefanya kazi.

*Inamfaa nani.* Karibu kila biashara, na hasa mwenye bajeti ndogo au aliyepanga fremu asiyeruhusiwa kujenga chochote.

Njia ya nne: miti, shule, na misaada ya nje

*Gharama.* Mche ni rahisi, na baadhi ya vitalu vinatoa bure. Ghali ni kiangazi. Mche unaopandwa masika ya Machi na Aprili unaingia Juni hadi Oktoba ukiwa mdogo, na mtu asipoumwagilia na kuuzungushia miiba, umekwisha.

Mwaka mmoja wafanyabiashara kadhaa tulipanda miche 300 pembeni ya kijito, pamoja na wanafunzi. Fulana, picha, soda kwa watoto. Mche wa kwanza nilishika mimi. Oktoba tulirudi kuangalia na miche iliyo hai haikufika ishirini. Mbuzi walipita, jua likamalizia, na hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuitunza. Watoto walioichimbia mashimo ndio walitutembeza kutuonyesha vijiti vikavu. Mwaka uliofuata tulipanda 25 tu, kwenye uwanja wa shule, na tukamlipa mlinzi 30,000 kila mwezi wa kiangazi kwa ajili ya ndoo za jioni. Ishirini na mmoja imeshika, na mringaringa mmoja sasa unanipita urefu.

*Sheria.* Ni hiari. Kwenye kodi, michango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii inaweza kupunguzwa kwenye hesabu hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara, ila hilo linamhusu anayefunga hesabu kamili. Anayelipa kodi ya makadirio kwa mauzo hapati nafuu hiyo, na ni vizuri ajue kabla ya kuahidiwa na mtu.

*Nani anafaidika.* Miti ya asili kwenye chanzo cha maji inasaidia kijiji kizima: mkuyu, mringaringa. Mikaratusi tuiache mbali na chemchemi. Watu wengine hupanda wakisema wanarudisha barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Barafu ile ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake kati ya 1912 na 2007, na sababu zake ni kubwa kuliko mashamba yetu. Panda kwa ajili ya maji, kivuli na udongo; hizo ni faida za kutosha na zinaonekana.

Shuleni, sera ya elimu bila ada ilianza 2016 kwa elimu ya msingi hadi kidato cha nne, lakini uji wa mchana na taulo za kike bado vinawashinda wazazi wengi. Muulize mwalimu mkuu anachokosa. Shule yenye madawati ya ziada stoo inaweza kuwa haina tanki la maji.

*Panapokwama.* Picha. Hasa kwa sisi wa miji ya utalii, kampuni ndogo inashawishika kupitisha wageni kwenye kituo cha watoto yatima kama kituo kimojawapo cha safari. Watoto wale wanaimba kila siku kwa sura mpya, wanakumbatiwa, wanaachwa. Naomba sana tuache. Ukitaka kusaidia kituo, lipia gunia la mchele na bili ya maji, na wageni wapeleke sokoni.

*Kujua imefanya kazi.* Miti iliyo hai baada ya viangazi viwili. Siku ambazo uji ulipikwa.

*Inamfaa nani.* Biashara ambayo nyumba yake ya ndani imeshakaa sawa, au isiyo na wafanyakazi wala jiko. Pia kikundi cha watu kadhaa wanaoweza kuchanga na kumteua mmoja wa kufuatilia.

Kwa hali yako

Una wafanyakazi na hakuna mikataba wala michango: anza hapo, hata kama moyo uko kwenye miti. Ukaguzi ukija, mti hautakutetea, na huyo dada wa vyombo anakusubiri tangu zamani. Ukishaweka sawa, chenji ya elfu ishirini ipeleke kwenye ndoo.

Unapika mwenyewe, na mtoto wa dada yako anakusaidia: jiko. Kusanya laki ya miezi mitatu au minne, na chaki uianze leo wakati bado unatumia mkaa, ili uwe na cha kulinganisha.

Una gereji, saluni au sehemu ya kuosha magari: maji yako machafu ndiyo alama kubwa unayoiacha mjini. Pipa la oili au shimo la kuchuja kwanza.

Una kampuni ndogo ya mlima: wagumu, mizigo, malipo ya getini. Wageni wakiuliza kuhusu miradi yako ya jamii, waonyeshe karatasi ya malipo ya safari iliyopita.

Uko peke yako, fundi simu au muuza vitabu kwenye fremu ya kupanga: taka zako ni chache, jiko huna. Shule ya karibu ni chaguo zuri, na elfu thelathini ya uji kila mwezi kwa mwaka mzima itamsaidia mwalimu kupanga kuliko laki nne za siku moja.

Mapato yako yanapanda Julai hadi Septemba na Desemba, yanakauka Aprili: usiahidi kiasi cha kila mwezi. Weka asilimia ya kila safari au kila wiki kwenye akaunti ya pembeni, na utoe ahadi kwa kilichokwisha kuingia. Aprili, mvua ikinyesha na ofisi ikiwa kimya, utakuwa na muda wa kwenda kuangalia miche.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, chukua watu wako dakika kumi kabla ya kufungua duka, uwaulize ni kitu gani hapa kazini kinawaumiza au kinawaudhi majirani. Mama wa Majengo aliuliza hivyo. Msichana wake alisema: "Mama, macho."